Wazee na watoto kwenye bwawa moja: nani akae upande gani?

Leo nazungumzia kitu kinachozua kelele kwenye mabwawa ya kuogelea ya mjini: watoto wanaruka, wazee wanalalamika, mhudumu anapuliza filimbi na hakuna anayemsikiliza. Nimeiweka kwa mafungu ili ukienda bwawani, au ukipewa kazi ya kulisimamia, ujue pa kuanzia.

UGOMVI UKO WAPI
Wengi wanadhani tatizo ni kelele. Mi naona tatizo ni kina. Mabwawa yetu mengi, yawe ya hoteli, shule au klabu, ni shimo moja linaloanza na kina kifupi na kuishia kirefu. Mtoto anataka kina kifupi kwa sababu ndipo miguu inapofika chini. Mzee aliyekuja kwa ajili ya magoti anataka palepale, maana yeye anatembea majini, haogelei. Ongeza na watu wazima wasiojua kuogelea, ambao kwetu ni wengi. Matokeo yake nusu ya bwawa imejaa kama daladala ya jioni, nusu nyingine tupu.

MZEE ANATAFUTA NINI
Maji yanabeba mwili. Yakikufika kiunoni, miguu inabaki na kama nusu ya uzito wako, na yakifika kifuani mzigo unapungua zaidi. Ndo maana mwenye baridi yabisi anayeteseka kwenye ngazi anaweza kufanya mazoezi majini. Anahitaji ngazi yenye kishikio, maji yasiyo ya baridi sana (nyuzi 28 hadi 31 hivi) na asigongwe. Mtoto akimrukia, mzee mwenye mifupa dhaifu anaweza kuvunjika nyonga. Hapo si utani tena.

MTOTO JE?
Mtoto naye ana haki ya kucheza na kujifunza kuogelea. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Desemba 2024 inasema watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021 duniani kote, na karibu robo yao ni watoto chini ya miaka 5. Na kumbuka, mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, anazama kimya kimya.

Hapa ndipo pa hatari zaidi. Bwawa lenye wazee watano linaonekana salama. Mzazi yuko mezani na soda yake, anajua wazee wapo. Wazee nao wanajua mzazi yupo. Kumbe hakuna anayeangalia! Mzee aliyeko kwenye mazoezi sio mlinzi wa mtoto wako.

WENZETU ICELAND
Kule somo la kuogelea ni la lazima shuleni tangu 1940. Bwawa la Laugardalslaug mjini Reykjavik lina bwawa la mita 50, sehemu ya watoto yenye mtelezo, na pembeni vibwawa vya maji ya moto ambako watu hukaa na kupiga stori. Mtoto chini ya miaka 10 haingii bila mtu wa miaka 15 au zaidi. Kila mtu anaoga kwanza kwa sabuni, bila nguo. Rika zote zinaingia siku moja, ila maji yamegawanywa kwa kazi.

SISI WENYE SHIMO MOJA TUFANYEJE
1. Kamba ya maboya ipite katikati kwa urefu, kila upande upate kina kifupi chake. Upande wa watoto weka kamba ya pili pale kina kinapoanza kuzidi.
2. Gawa saa. Asubuhi za siku za shule ziwe za wazee, Jumamosi mchana watoto watambe.
3. Hakuna kujirusha kwa kichwa penye kina chini ya mita 1.5.
4. Kuoga kwanza, wote. Ile harufu kali ya klorini sio dalili ya usafi, inatokea klorini ikichanganyika na jasho na mkojo. Mwenye kuharisha abaki nyumbani.
5. Awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia maji tu, sio kuuza vinywaji. Asiyejua kuogelea awe na mkubwa wake karibu, umbali wa mkono.

MTAZAMO WANGU
Kwetu mtoto akiambiwa na mzee "toka", anatoka. Ni heshima, sipingi. Lakini njia rahisi ya kumaliza ugomvi imekuwa ni kuwatoa watoto, na wakitoka hapo hawaendi kulala. Wanaenda baharini, mtoni au kwenye mashimo yaliyojaa maji ya mvua, ambako hakuna kamba wala mtu. Shikamoo ni ya kusalimiana, isitumike kugawa bwawa.

Nawasilisha. Wadau wa mikoani, kwenu bwawa mnaligawaje?