Habari za Majani ya Chai na Namna ya Kuyapika

Ndugu wanachama, wengi wetu tulichuma chai miaka mingi kabla hatujajua kuipika. Katika mkutano mkuu wa kwanza wa Chama chetu, miaka kumi iliyopita, tuliletewa chai ya majani marefu yaliyosokotwa, tuionje. Tukaitia sufuriani pamoja na maziwa na sukari, tukaichemsha hata ikawa na rangi ya tope. Mgeni wetu, ambaye kazi yake ni kuonja chai, alipiga funda moja, akaweka kikombe chini, akauliza kwa upole kama ile ilikuwa dawa. Aibu ile ndiyo iliyotutia hamu ya kuzichunguza habari hizi.

Asili ya chai ni Uchina. Zamani za wafalme wa ukoo wa Tang, majani yalipikwa kwa mvuke, yakatwangwa, yakashindiliwa yawe mikate migumu. Mtu akitaka kunywa alimega kipande, akakisaga, akauchemsha unga ule kwa chumvi kidogo. Lu Yu, aliyeandika kitabu mashuhuri cha chai katika karne ya 8, aliwalaumu vikali watu waliotia tangawizi, nanaa na maganda ya machungwa. Alisema kinywaji chao ni kama maji ya mtaroni. Lau angalipita huku kwetu angalitukemea sote, lakini kwa hilo hatukubaliani naye.

Mwaka 1391 mfalme Hongwu, wa kwanza wa ukoo wa Ming, aliamuru kwamba chai ya kodi isipelekwe tena kwake katika mikate, bali iwe majani matupu, kwa kuwa kazi ya kuitengeneza mikate iliwaelemea wakulima. Basi kwa ajili ya kumpunguzia mkulima mzigo, ikaenea desturi ya kuyaloweka majani katika birika.

Waingereza walipoanza kulima chai Bara Hindi, chai ya Assam iliuzwa London mara ya kwanza mwaka 1839. Huku kwetu Usambara, Wadachi waliijaribu katika shamba lao la Amani, lililoanzishwa mwaka 1902. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilibuniwa huko Assam mashine ya kukata, kurarua na kusokota majani yakawa punje ndogo. Punje hizo hutoa rangi na ukali upesi, na hustahimili maziwa; ndiyo chai iliyo nyingi sana Afrika Mashariki hata leo. Kwa hiyo desturi yetu ya sufuria si ujinga: inaafikiana na punje. Kosa letu lilikuwa kuyatendea majani marefu kama punje.

Majani marefu hupikwa hivi. Pasha birika kwa maji ya moto, uyamwage. Tia kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe, umimine maji yanayotokota, ufunike, ungoje dakika 3 hadi 5, kisha uchuje. Yakikaa zaidi, ukakasi huzidi harufu. Waonjaji wao hutumia gramu 2 kwa mililita 100 za maji, nao hungoja dakika 6, maana wanatafuta kasoro wala si raha. Chai ya kijani haitaki maji yanayotokota. Yaepue, yapoe kidogo kwanza.

Kwa viungo na majani ya bustanini, tazama ugumu wake. Tangawizi iliyopondwa, magome ya mdalasini na mashina ya mchaichai huchemshwa kama dakika 10, ndipo yatoe utamu wake. Iliki itwangwe, itiwe mwishoni. Nanaa na mrehani visichemshwe kamwe. Vimwagiwe maji ya moto na kufunikwa papo hapo, kwa sababu harufu yake hupaa na mvuke.

Mgeni wetu alirudi katika mkutano wa mwaka wa tatu. Tukampa chai ya birika, ya dakika 4, bila maziwa. Aliimaliza, akaomba kikombe cha pili. Kisha akatuambia kwamba majani ya juma lile yalichanganyika na makongwe na mabua, maana ameyatambua humo kikombeni. Nasi tulipoonja tena, tuliyatambua.