Majina Yaliyorudi Nairobi

Msomaji, wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Mtu akiwa mbali na baraza, shauri lake huachwa, fungu lake hugawiwa wengine, na baada ya muda hata jina lake hutoka katika vinywa vya watu. Methali hii yamfaa sana mvivu asiyehudhuria mikutano. Lakini katika historia ya Nairobi iligeuzwa ikawa njia ya kutawala. Mtu aliyesema neno lisilopendeza hakujibiwa, aliondoshwa. Alipelekwa mbali na watu wake, kwa matumaini kwamba akikosekana yeye, na neno lake litakosekana.

Tuanzie Westlands. Hapo pana barabara kubwa iendayo magharibi, ipitayo Kangemi na kuelekea Kikuyu, nayo huitwa Waiyaki Way. Maelfu ya watu hulitaja jina hilo kila siku wapandapo gari, na wachache mno hujiuliza ni la nani. Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Wakikuyu wa upande wa Dagoretti wakati ambapo Nairobi ilikuwa haijawa mji, kwa maana reli haikufika hapa mpaka 1899. Mwezi wa Oktoba 1890 alichanjiana udugu wa damu na Kapteni Frederick Lugard, aliyekuja kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza iliyotaka njia ya kwenda Uganda. Lugard alijenga boma Dagoretti, kisha akaendelea na safari yake. Waliobaki nyuma hawakuuheshimu udugu ule. Walichukua vyakula vya watu kwa nguvu, ugomvi ukazuka, na boma likaachwa. Mwaka 1891 kampuni ilijenga boma jingine, lililoitwa Fort Smith.

Mwezi wa Agosti 1892 Waiyaki aliingia katika boma hilo, pakatokea mapigano, akajeruhiwa kichwani na kufungwa. Hakurudishwa kwake. Alitiwa njiani kupelekwa pwani, akafia Kibwezi kabla ya kufika. Mapokeo ya Wakikuyu yasema kwamba alizikwa hai. Huyo ndiye wa kwanza katika habari zetu kuondoshwa, na utaona kwamba njia ile ya pwani ilikanyagwa na wengine baada yake.

Sasa twende mjini. Karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, ukipita mbele ya Hoteli ya Norfolk, utaikuta barabara ya Harry Thuku. Thuku alikuwa kijana aliyefanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina ya serikali. Mwaka 1921 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha East African Association, naye alisema hadharani mambo ambayo wengi waliyanong'ona: kipande ambacho mwanamume alilazimishwa kukichukua popote aendapo, mishahara iliyopunguzwa, kodi iliyopandishwa, na wanawake na wasichana waliotiwa kazini mashambani bila hiari yao. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922.

Kesho yake watu walianza kukusanyika kwenye kituo cha polisi, na tarehe 16 walikuwa maelfu. Wajumbe wao walikwenda kuonana na wakubwa wa serikali, wakarudi na neno moja tu: watu watawanyike. Baadhi ya wanaume walianza kuondoka. Hapo ndipo alipojitokeza mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru. Aliinua nguo yake hadi mabegani, akawaambia wanaume waichukue nguo hiyo na kumpa yeye suruali zao, kwa kuwa walikuwa wameshindwa na kazi ya wanaume. Katika desturi za Wakikuyu, mwanamke kujivua nguo kwa makusudi mbele ya watu ni laana nzito kuliko tusi lolote. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele kuelekea lango, na polisi wakafyatua bunduki. Yasemekana kwamba hata Wazungu waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk walipiga risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilitangaza kwamba waliokufa ni watu 21. Waafrika walioshuhudia walisema kwamba walikuwa wengi zaidi.

Thuku mwenyewe alipelekwa Kismayu, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya mipaka ya Kenya. Ilipita miaka minane na zaidi kabla hajaachiliwa.

Vuka barabara ya Chuo Kikuu nawe utaingia katika mtaa wa Muindi Mbingu, penye soko na maduka. Jina hili nalo lina habari yake. Mwaka 1938 serikali iliamua kwamba Wakamba wa Machakos walikuwa na ng'ombe wengi kupita kiasi, na kwamba mifugo hiyo ilikuwa ikiiharibu ardhi. Ng'ombe wakachukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya chini, wakati ambapo kiwanda kipya cha nyama huko Athi River kilihitaji wanyama wa kuchinja. Wakamba hawakushika silaha. Zaidi ya watu elfu moja, wanaume kwa wanawake na watoto, walikuja Nairobi, wakataka kuonana na Gavana, wakapiga kambi karibu na mji kwa muda wa wiki kadhaa. Kiongozi wao alikuwa Samuel Muindi Mbingu. Naye alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa Lamu.

Lakini hapa, msomaji, angalia jambo moja. Muindi hakuwapo, na bado lake lilikuwapo. Shauri la kupunguza ng'ombe kwa nguvu liliachwa. Mwenye neno alikuwa mbali kisiwani, na neno lake likashinda nyumbani, kwa sababu hakuwa amelibeba peke yake. Wale waliolala kambini pamoja naye walilijua, wakalishika.

Turudi Westlands tulikoanzia. Katika kitongoji hicho aliishi Pio Gama Pinto, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927 kwa wazazi wenye asili ya Goa. Alikuwa mwandishi wa magazeti na mtu wa vyama vya wafanyakazi, na aliwasaidia wapigania uhuru wakati wa hali ya hatari. Mwaka 1954 alikamatwa, akawekwa kizuizini katika kisiwa cha Manda, kinachotazamana na Lamu. Uhuru wake kamili aliupata mwaka 1959. Aliporudi alisaidia kuanzisha magazeti ya Waafrika, na mwaka 1964 akaingia Bungeni. Kisha asubuhi ya tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi kwenye njia ya kuingilia nyumba yake, akiwa ndani ya gari na binti yake mdogo. Alikuwa na umri wa miaka 37, na Kenya ilikuwa haijatimiza miaka miwili ya uhuru. Kijana mmoja alihukumiwa, akakaa gerezani miaka 35 hivi akisema daima kwamba hakuua. Hakuna mwingine aliyetiwa hatiani.

Yafaa tuseme jambo hili waziwazi. Waiyaki, Thuku na Muindi waliondoshwa na utawala wa kigeni. Pinto aliondoshwa na utawala huohuo, akarudi. Na kilichomwondosha mara ya pili kilitokea chini ya bendera yetu wenyewe. Desturi ya kumnyamazisha mtu badala ya kumjibu haina rangi wala taifa. Hukaa popote inapoachwa ikae.

Basi majina ya walioondoshwa yamerudi Nairobi, yakaandikwa kwenye vibao vya barabara. Hilo ni jema. Lakini kibao humwonyesha mpita njia pa kupita, wala hakimwambii aliyeitwa hivyo alidai nini. Jina likitajwa kila siku na habari yake isijulikane, mwenyewe amehamishwa tena, na safari hii waliomhamisha ni sisi. Tena mkumbuke Nyanjiru. Yeye hakupata kupelekwa Kismayu wala Lamu. Alibaki palepale aliposimama. Barabara ipitayo karibu na hapo ilipewa jina la mwanamume aliyemfia.

Kwa hiyo, wewe unayesoma, siku utakapopita barabara hizo mwulize mwenzako maana ya majina yake, na asipojua mwambie. Watu waliolala kambini na Muindi walilishika neno la mtu aliye mbali mpaka likatimia. Kazi hiyo haihitaji cheo. Yahitaji mtu anayejua habari, na mwingine aliye tayari kusikiliza.