Abushiri angeshinda kesi?

Kila nikisubiri kivuko cha kwenda Bweni, pale Pangani, najikuta naiendesha upya kichwani kesi ya Abushiri bin Salim. Alinyongwa mji huohuo, tarehe 15 Desemba 1889. Shuleni tuliambiwa ni shujaa. Wajerumani walimwita mwasi na muuaji. Mimi nina swali la mahakamani tu: je, alikuwa anajihami?

Kanuni yetu ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 18, inamruhusu mtu kujilinda, kumlinda mwenzake na kulinda mali, ila kwa nguvu isiyozidi kiasi. Na mshitakiwa akishaleta dai lenye mashiko, Jamhuri ndiyo inayobeba mzigo wa kulivunja.

Haya, ushahidi. Agosti 1888 Emil von Zelewski, wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alifika Pangani na mkataba uliosainiwa na Sultani Khalifa wa Unguja Aprili ile, wenyeji hawakuulizwa. Akataka bendera ya kampuni ipandishwe. Inasimuliwa kwamba Wajerumani waliingia msikitini na mbwa, tena siku za Idi. Uvamizi ulikuwepo, hapo sina shaka. Na watu wa Pangani walifanya nini? Waliwazingira ndani ya nyumba, basi. Hawakuwaua. Jenerali Mathews wa Sultani akaja kuwachukua, wakaenda Unguja wakiwa hai. Hapo hata wakili mwanagenzi anashinda.

Shida inaanza mbele. Mwaka huohuo Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa safarini Usambara, walikamatwa, na Abushiri akawaachia kwa fidia. Mtu anayejihami hutoza fidia? Halafu Wissmann alipolivunja boma lake karibu na Bagamoyo, tarehe 8 Mei 1889, Abushiri alikwenda bara mpaka Mpwapwa, akakishambulia kituo cha kampuni, na Mjerumani mmoja, Nielsen, akauawa. Jamani, Mpwapwa siyo Pangani. Naweza kujibu kwamba kituo kile kilikuwa mkono wa yuleyule aliyemvamia nyumbani, lakini nakiri hilo ni jibu la vita, si la kujihami. Wala sitasema alitetea wanyonge: alikuwa na shamba la miwa, na waliolilima ni watumwa.

Ila kuna Bwana Heri wa Saadani. Naye alipigana na Wissmann miezi mingi, watu wakafa. Aliposalimu amri mwaka 1890 alisamehewa, akaruhusiwa kuujenga upya mji wake. Abushiri yeye alikamatwa akiwa mbioni, akaletwa Pangani, akahukumiwa na jeshi lilelile alilopigana nalo, akanyongwa baada ya siku chache. Aliyepima kama nguvu yake ilizidi kiasi ndiye aliyekuwa akipigwa nayo.

Zelewski, yule wa mbwa, aliuawa na Wahehe kule Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akiongoza kikosi kuingia nchini mwao. Hao nao hakuna aliyewauliza kama walikuwa wanajihami.