Kibanda ni nini?

Mwaka 2018, tulipotoka Kenani na kuletwa hapa Mantapala, mama mmoja jirani yetu alienda soko la Kashikishi kutafuta mahali pa kuuzia chisense. Akasema kwa Kiswahili chake, “Natafuta kibanda.” Wamama wa pale wakaangaliana, kisha wakacheka sana. Kwa Kibemba icibanda ni pepo mubaya. Nani anatafuta pepo sokoni?

Neno hilo si la Wabemba peke yao. Watabwa wa kule Moba na Pweto nao wana vibanda: roho za wafu zinazodhuru watu. Lakini wazee wanazitenganisha na mizimu, yaani mababu wanaolinda ukoo. Kibemba kinafanya vilevile. Imipashi ni roho za mababu, ngulu ni za maporomoko na misitu, icibanda ndiyo ile mbaya. Basi zamani si kila roho iliogopwa sawa.

Biblia ilipotafsiriwa, maneno yaligawanywa upya. Kwa Kibemba, Roho Mtakatifu akawa Umupashi wa Mushilo, pepo wachafu wakawa ifibanda. Ngulu hawakupata kiti, na leo wahubiri wengi wanawaweka pamoja na ifibanda. Kiswahili kilitumia roho, neno la Kiarabu, na pepo likabaki upande wa uchafu. Lakini pepo ni ndugu wa upepo, na peponi ni mahali pema!

Kule sokoni neno lilileta kicheko. Huku kambini nimeona likileta kilio. Msichana wa kikundi chetu alianguka uwanjani, akatetemeka, povu mdomoni. Wenzake wakakimbia: “Ako na kibanda!” Wiki nzima hakuna aliyekula naye sahani moja. Nesi akasema ni kifafa. Sasa anameza dawa kila siku, na amerudi kucheza.

Ndugu zetu wa mashirika, mkisikia neno hilo msicheke, wala msiandike tu “imani potofu”. Ulizeni kwanza: mtu huyo ameonekana akifanya nini, na nani ameacha kukaa naye? Na sisi wakazi, wazee wetu walikuwa na majina mengi kwa sababu walichunguza kabla ya kutaja. Tusimtupie mtoto jina moja tu, lile baya kuliko yote.

Yule mama alipata kibanda chake. Wateja bado wanamtania.