Utauziba Ufa kwa Nini? Historia ya Chokaa ya Pwani

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na nilipokuwa mwalimu niliifafanua kwa njia ile ile kila mwaka: jambo dogo lisidharauliwe, likikua litakugharimu. Sikuwahi kujiuliza swali ambalo mwashi yeyote angeliuliza kwanza. Ufa huo unazibwa kwa kitu gani?

Swali hilo nililetewa na mwanachuo wangu mmoja. Nilikuwa nikifundisha kemia katika chuo cha ualimu, na siku hiyo niliandika ubaoni jinsi mawe ya chokaa yanavyobadilika yakichomwa. Akanyoosha mkono, akasema: "Mwalimu, marehemu babu yangu alikuwa mchoma chokaa. Alikuwa akituambia kwamba jiwe likiiva huwa jepesi, na likishapakwa ukutani hurudi kuwa jiwe. Uzito huo huenda wapi, na hurudi kwa njia gani?" Nilimjibu kwa alama na namba za kikemia, kwa Kiingereza, kama mtaala ulivyotaka. Jibu lilikuwa sahihi, ila niliona usoni pake kwamba halikumfikia. Makala haya ni jibu lile lile, limechelewa miaka mingi, na safari hii nalitoa kwa lugha ya babu yake.

Tuanze na kazi yenyewe. Mchoma chokaa wa pwani alikata magogo, mara nyingi ya mikoko, akayapanga kwa duara, tabaka juu ya tabaka, akaacha uwazi katikati. Juu ya magogo alirundika vipande vya matumbawe. Hilo ndilo tanuu. Moto ulitiwa katikati ili uwake kutoka ndani kwenda nje, na ulipokwisha, magogo yamekuwa majivu na matumbawe yamekuwa mabonge meupe, mepesi, yanayovunjika kwa urahisi. Umbo la jiwe limebaki, lakini si jiwe tena. Ukilitia maji hulia, hufuka mvuke, huchemka bila moto, kisha huporomoka likawa unga laini. Waashi huita kazi hiyo kuizima chokaa. Chokaa iliyozimwa haikutumiwa siku ile ile. Iliachwa ikae, hata kwa miezi, ndipo ikachanganywa na mchanga, na mahali pengine na udongo mwekundu, ikawa tayari kwa ujenzi.

Sasa tuupime uzito ule aliouulizia mwanachuo wangu. Tumbawe, kombe la chaza na jiwe la chokaa vyote kwa sehemu kubwa ni kitu kimoja: kabonati ya kalisi, yaani kalisi iliyoshikana na hewa ukaa. Chukua kilo 100 za kabonati hiyo ikiwa safi. Joto likifika kiasi cha nyuzi 900 za Selsiasi, hewa ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe huachiliwa na kutoka na moshi. Hewa hiyo ina uzito wa kilo 44. Kinachobaki katika tanuu ni kilo 56 za chokaa kali, ambayo wanakemia huiita oksidi ya kalisi. Unapoizima, inashikana na kilo 18 za maji, na sasa una kilo 74 za chokaa iliyozimwa. Unaipaka ukutani. Hapo inaanza kazi ya kimya: chokaa inavuta hewa ukaa kutoka katika upepo unaopita, inarudishiwa kilo 44 zake, na inayatoa yale maji kilo 18. Ukihesabu utapata kilo 100, na kilicho ukutani ni kabonati ya kalisi, yaani jiwe. Babu alisema kweli. Uzito ulikwenda hewani, na kutoka hewani ukarudi.

Huko Ulaya jambo hili liliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Walijua, kama waashi wetu walivyojua, kwamba chokaa iliyochomwa huunguza ngozi na jiwe lisilochomwa haliunguzi. Wengi waliamini kwamba ukali huo ni moto wenyewe ulioingia ndani ya jiwe ukajificha humo. Aliyeivunja imani hiyo ni Joseph Black, mwanafunzi wa udaktari huko Edinburgh, Uskoti. Nia yake ya kwanza haikuwa ujenzi. Alikuwa akitafuta dawa ya vijiwe vya kibofu, maana wakati ule maji ya chokaa yalitumiwa kutibu maradhi hayo. Katika tasnifu yake ya mwaka 1754 na katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1756, alionyesha kwa mizani kwamba jiwe likichomwa haliongezewi kitu, bali linapungukiwa. Lililopungua ni aina ya hewa, naye akaiita hewa iliyofungwa. Alionyesha pia kwamba hewa hiyo imo katika pumzi tunazozitoa. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 1808, Humphry Davy alifaulu kwa umeme kuitenga kalisi yenyewe, madini ambayo hakuna aliyekuwa ameyaona peke yake kabla ya hapo.

Sipendi kusema kwamba waashi wa pwani walikuwa wanakemia kabla ya Black. Mizani ile hawakuwa nayo, na hawakuijua hewa ukaa kwa jina. Lakini kazi yao ilikuwa imekwisha kusimama kwa karne nyingi. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta msikiti juu ya msikiti mahali pamoja, ya chini kabisa ikiwa ya miti na ya juu yake ikiwa ya mawe. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi yaliyochongwa yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107 wa Miladi. Kilwa Kisiwani, mwanzoni mwa karne ya 14, palijengwa Husuni Kubwa, jumba la kifalme juu ya jabali linalotazama bahari, na Msikiti Mkuu wa mji huo ukapanuliwa kwa nguzo na kuba. Mawe ya majengo haya ni matumbawe, na kinachoyashikanisha ni matumbawe vilevile, yaliyopita motoni na majini kisha yakarudi kuwa jiwe.

Hapa lugha ina la kutufundisha. Kiingereza kina jina la jiwe, jina la chokaa kali, jina la chokaa iliyozimwa na jina la rangi ya kupaka. Kiswahili husema chokaa. Nimewahi kusikia hilo likitolewa kama ushahidi kwamba lugha yetu haiwezi kubeba kemia. Mimi naona waliosema hivyo waliangalia nomino wakasahau vitenzi. Chokaa huchomwa, huzimwa, hulazwa, hupondwa na mchanga. Mwashi hutomea, yaani hujaza mianya ya ukuta kwa chokaa na vijiwe vidogo, kisha hupiga lipu, kisha hupaka. Sakafu ya juu ya boriti hupigiliwa: watu walipanga safu wakiwa na vipande vya mti mikononi, wakaigonga chokaa kwa pamoja huku wakiimba, siku baada ya siku, mpaka ikashikamana isipitishe maji. Kila kitenzi kinaonyesha hatua ambayo chokaa imefikia. Jina halibadiliki kwa sababu kitu kinachozunguka ni kile kile, na mizani ya Black ilithibitisha hivyo.

Hata tambuu ni somo la kemia. Jani la mtambuu, popoo, katu, na chokaa kidogo kwenye ncha ya kidole. Chokaa ndiyo inayokiachilia kichangamshi kilichomo katika popoo, kiitwacho arekolini, na ndiyo inayoyageuza mate kuwa mekundu. Bila chokaa, mtafunaji anabaki na ukakasi tu. Sisemi haya ili kuisifu desturi hiyo, maana wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameihesabu popoo miongoni mwa visababishi vya ugonjwa huo. Nasema tu kwamba elimu hii ilikuwa sebuleni mwa bibi zetu kabla haijafika maabara.

Ukuta wa chokaa una tabia mbili zinazomhusu kila mwenye nyumba ya kale. Ya kwanza ni kwamba unapumua. Una vitundu vidogo, na unyevu unaopanda kutoka ardhini au kuingia na mvua hupata njia ya kutoka. Ya pili inairudia methali yetu. Ukuta ukipata ufa mwembamba, maji yanayopita humo huyeyusha chokaa kidogo iliyokuwa bado haijageuka jiwe, huichukua mpaka ndani ya ufa, na pale inapokutana na hewa hugeuka jiwe. Ufa mwembamba hujiziba wenyewe. Si kila ufa, wala si ule mpana, lakini ukuta wa chokaa hufanya sehemu ya kazi tuliyoagizwa na wahenga.

Adui yake ni mvua isiyozuiwa. Maji ya mvua hubeba hewa ukaa, na hewa ile ile inayoigeuza chokaa kuwa jiwe, ikizidi ndani ya maji, huliyeyusha jiwe taratibu. Ndiyo maana nyumba ya mawe iliyoachwa bila sakafu ya juu haidumu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyetunga Al-Inkishafi, aliyatazama majumba ya Pate yaliyokuwa yamekwisha kuhamwa, akayafanya kuwa mawaidha kwa moyo wake. Mshairi alisoma humo kupita kwa dunia. Mwanakemia anasoma humo maji na hewa. Sioni kwamba usomaji mmoja unaufuta mwingine.

Kisha ikaja saruji. Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, alipata hataza yake mwaka 1824. Kwetu viwanda vilifuata katikati ya karne ya 20: Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1954, na Wazo, Dar es Salaam, mwaka 1966. Saruji haisubiri hewa. Hushikana na maji, hukauka upesi, hubeba mzigo mkubwa, na hata chini ya maji hukaza. Mimi mwenyewe nimejenga kwa saruji na sijuti. Kosa ni kuipaka juu ya ukuta wa chokaa.

Nililiona kosa hilo kwa macho yangu. Katika mji mmoja wa pwani, ambao sitautaja, palikuwa na nyumba ya ukoo yenye ukuta wa matumbawe. Lipu ilipoanza kubanduka karibu na ardhi, wenyewe wakachanga fedha wakaipaka saruji pande zote. Kwa miaka miwili ilipendeza. Lakini unyevu uliokuwa ukitoka sasa ulizuiwa, na chumvi ya bahari iliyokuwamo ikajikusanya nyuma ya ile saruji, ikaganda na kuvimba, ikayasukuma mawe. Lipu mpya ilianguka kwa vipande vizito, na nyuma yake tumbawe lilikuwa limekuwa mchanga. Waliuziba ufa, kisha wakalazimika kujenga ukuta. Hawakuwa wazembe. Hakuna aliyewaambia kwamba chokaa na saruji ni vitu viwili.

Dawa haijapotea. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya ukarabati. Waashi walirudi kwenye chokaa na mawe ya matumbawe. Ni kweli pia kwamba chokaa ina gharama yake. Tanuu hula mikoko, na uchimbaji wa matumbawe hai umeharibu mazalio ya samaki katika sehemu kama Mikindani na Mafia. Sitaki turudi kuchoma bahari ili tujenge vibanda vya maduka. Nataka nyumba chache zilizobaki zitibiwe kwa dawa inayozifaa, na chokaa hiyo inaweza kuchomwa kutokana na mawe ya nchi kavu.

Na nataka jambo moja zaidi, kwa kuwa nimekuwa mwalimu. Katika shule ya msingi, mtoto wa Tanzania hupuliza pumzi kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, akaona yamegeuka rangi ya maziwa. Ameona kwa macho yake kitendo kile kile kinachokausha ukuta wa Kilwa. Mwaka unaofuata anaingia sekondari, lugha inabadilishwa, na maji yale ya chokaa anakutana nayo tena kwa jina jingine, kana kwamba ni kitu kigeni. Nilishiriki kumbadilishia jina hilo kwa miaka yote niliyofundisha, nami sikumwonyesha kwamba ni maji yale yale. Kijana aliyeniuliza habari za babu yake alikuwa amejaribu kuuziba ufa huo peke yake.

Ndugu msomaji, kama kwenu Lamu, Mombasa, Pangani, Unguja au Kilwa bado yuko mzee aliyechoma tanuu, aliyetomea ukuta au aliyepigilia sakafu, nenda ukae naye. Muulize aliita nini kila hatua na kila chombo, na kama anakumbuka nyimbo za kupigilia, ziandike jinsi anavyoziimba. Kisha utuletee hapa.