Gari ya Kiwanda au Gari ya Fundi? Tuulize Safari Rally

Wasee, kuna ubishi mmoja hauishi mtaani. Mmoja anasema nunua gari ya kawaida, uibadilishe pole pole hadi ikae unavyotaka. Mwingine anasema wacha kumwaga doh kwa fundi, jipange ununue toleo maalum ambalo kiwanda kimeshamaliza kazi. Kwangu hizi si stori za kupitisha wakati. Mjomba ameniuzia Impreza yake ya 2008, ya kawaida kabisa, haina hata tabo, na namlipa kidogo kidogo. Nimeweka laki tatu kando. Tangu niache chuo mwaka wa pili, sijawahi kushika pesa kama hiyo, kwa hivyo sina nafasi ya kukosea.

Nikaamua kurudi kwa historia, kwa sababu Nairobi hii imekuwa ikijibu hilo swali tangu 1953.

Huo ndio mwaka mbio za Coronation Safari zilianza, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Ndizo tunaziita Safari Rally leo. Mwanzoni magari yaligawanywa kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini. Yaani swali lilikuwa la mnunuzi wa kawaida: hii gari nikiitoa dukani, itafika? 1954 mshindi alikuwa Vic Preston na Volkswagen Beetle. 1963 walimaliza magari 7 pekee. 1968 tena, 7 pekee. Na miaka yote miwili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404, gari ya kupeleka familia ushago.

Hapo watu wa "nunua kama ilivyo" wanaweza kupiga makofi. Lakini cheki 1965.

Joginder Singh, mtoto wa Kericho na fundi wa magari, aliingia na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 ya mtumba. Hiyo gari ilikuwa imeshatumiwa na timu ya kiwanda kwa Safari ya 1964, ikachoka, Joginder akaichukua na kuitengeneza upya. Ikashinda. Gari ambayo wenyewe walikuwa wamemaliza nayo ilishinda kwa mikono ya fundi wetu. Halafu huyo huyo Joginder akashinda tena 1974 na 1976, mara hii na Mitsubishi Lancer 1600 GSR, toleo la kasi lililotoka kiwandani. Mtu mmoja, njia zote mbili, ushindi mara tatu. Kwa hivyo ukiniambia lazima nichague upande, nakuuliza Joginder alikuwa upande gani.

Sasa tuje kwa Subaru, maana najua nusu yenu mko hapa kwa sababu yake.

Watu hudhani STI ilizaliwa na mashine za ajabu. Zile WRX STI za kwanza za 1994 zilikuwa WRX za kawaida zilizotolewa kwa laini ya kiwanda, zikapelekwa kwa mafundi wa Subaru Tecnica International, wakaziboresha, ndipo zikauzwa. Soma hiyo tena. Toleo maalum ni gari ya kawaida iliyopita kwa fundi. Tofauti ni kwamba huyo fundi analipwa na kiwanda na anapima kila kitu kabla ya kukupa funguo. Na mwaka huo huo, Patrick Njiru alimaliza wa 4 kwa Safari na Impreza WRX ya Group N, kundi la magari yanayokaribia sana yale ya dukani.

1997 Colin McRae akashinda Safari na Impreza, na Subaru ikachukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji kwa mwaka wa tatu mfululizo. Kusherehekea, 1998 wakatoa 22B: milango miwili, bodi pana, injini ya lita 2.2. Japani walipewa 400 pekee. Ndani ya hiyo sherehe kuna vumbi letu, lakini leo huwezi kuagiza hiyo gari, kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Lancer Evolution iliacha kutengenezwa 2016. WRX STI iliacha 2021. Kila Januari mwaka mwingine unafungiwa nje. Zilizo nchini ndizo hizo, na wenyewe wanajua bei.

Kwa hivyo wengi wetu tunabaki na fundi. Na hapa ndipo siwezi kuwadanganya.

Beste yangu wa Kangemi alitoka Grogan na tabo ya mtumba, akaifungisha kwa gari ya kawaida. Breki zikabaki zile zile, shoki zile zile. Ilikuwa inaruka, wacha tu. Usiku mmoja Waiyaki Way, akitoka Westlands, matatu ikasimama ghafla mbele yake. Breki zilishika kidogo, halafu zikaisha nguvu. Leo ana chuma kwa mguu, na bima ilikataa kulipa kwa sababu hakuwa ameiambia kuhusu hiyo tabo.

Kiwanda kikiongeza nguvu ya injini, kinaongeza pia breki, shoki na njia ya kupoza injini. Hiyo ndiyo unalipia kwa toleo maalum, si ile nembo ya pinki. Sisi mtaani tunanunua nguvu kwanza kwa sababu ndiyo inasikika, halafu breki tunasema "baadaye". Yale magari 7 ya 1963 na 7 ya 1968 hayakufika kwa kelele. Yalifika kwa sababu hayakuvunjika.

Mimi nimeamua. Laki tatu zangu zimeanza na breki, zikaenda kwa shoki, halafu matairi manne mapya. Kilichobaki ni service. Injini haijaguswa, na sitaigusa mwaka huu. Siku nikiibadilisha, bima na NTSA watajua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Najua haina kelele ya kupost. Jumapili mjomba aliichukua, akaiendesha hadi Uthiru na kurudi. Nilimngoja nje nikijua atanichapa na maneno kwa kuharibu gari yake. Aliegesha, akazunguka akiangalia magurudumu, akaniuliza kitu kimoja tu: "Huyo fundi wako anapatikana wapi?"