Upanga wa kweli na upanga wa mapambo: mambo ya kukagua kabla ya kutoa pesa

Muuzaji wa upanga wa zamani pale Magara, au popote katika mwambao wa Burundi hadi Rumonge, ana hadithi ya kuaminika ya kumpa mteja. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifika upande huu wa Ziwa Tanganyika kutokea Ujiji, na silaha zao walikuja nazo. Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuingia Burundi kwa nguvu akashindwa na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo. Kwa hiyo upanga wa Kimanga kuonekana huku si ajabu. Lakini hadithi si ushahidi, na kwa anayenunua ili auze tena Kigoma au Dar es Salaam, kosa hapa ni mtaji kupotea.

Ukaguzi uanzie kwenye mpini. Upanga uliotengenezwa kwa vita una mkia mpana, yaani sehemu ya bapa lenyewe inayoingia ndani ya mpini. Katika upanga wa mapambo mkia huo mara nyingi ni nondo nyembamba iliyochomelewa na kukazwa kwa nati. Ukitikiswa taratibu, mpini hucheza. Upanga wa namna hiyo usijaribiwe kwa kupiga kitu, maana bapa linaweza kuchomoka na kumjeruhi mtu. Mpini uliomiminwa kwa zinki nao hujionyesha: una mstari wa kalibu ubavuni na sumaku haiushiki. Kwenye bapa sumaku haisaidii sana, kwa sababu hata chuma cha mapambo huweza kuvutwa.

Bapa la kweli kwa kawaida ni nene karibu na mpini, kisha hupungua kuelekea nchani. La mapambo hukatwa kwenye bamba, unene uleule mwanzo hadi mwisho. Upanga wa Oman ulionyooka, wenye makali pande mbili na usio na kikingio cha mkono, hupindika na kurudi. Wachezaji wa razha huutikisa hadi utetemeke. Hilo pekee halithibitishi umri, kwani hata zinazotengenezwa leo kwa ajili ya ngoma hutetemeka.

Kutu nyekundu iliyoenea sawasawa, hasa juu ya mikwaruzo ya mashine, ielekeze shaka kwenye asidi. Bapa linalong'aa kama kioo na lisiloshika kutu lina jibu rahisi zaidi: chuma cha aina hiyo kilianza kutengenezwa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Anayedai kuwa upanga huo ulikuja na msafara wa Rumaliza anadanganya, au alidanganywa naye. Alama ya Kizungu, kwa upande mwingine, isimfukuze mnunuzi. Mabapa ya Ulaya, yakiwemo ya Solingen, Ujerumani, yaliuzwa Uarabuni na Afrika Mashariki, yakafungwa mipini huko.

Kwenye forodha majina nayo huleta matatizo. Panga la shamba ni zana, na huingia katika kifungu cha 8201 cha orodha ya kimataifa ya ushuru. Upanga ni silaha, kifungu cha 9307, pamoja na ala yake, hata kama umetengenezwa kwa kutundikwa ukutani tu. Wenye umri wa zaidi ya miaka 100 huhesabiwa kuwa kitu cha kale, kifungu cha 9706, na hapo ofisa ana haki ya kudai uthibitisho wa umri. Msafirishaji anayeandika "panga" tu kwenye hati anajitafutia kuzuiwa mzigo.

Kwa upande wa Tanzania kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo inadhibiti utoaji wa vitu vya kale nje ya nchi kwa kibali. Aliyenunua upanga halisi Ujiji kwa nia ya kuuvusha hadi Rumonge aulizie kibali hicho kabla ya kupakia.